Mrudisheni Mtoto Akapimwe Masikio

Mjukuu wangu alizaliwa katika jimbo la Minnesota, Marekani, na hata siku mbili hajazimaliza duniani alikuwa keshafanyishwa mtihani na hakupita. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Mombasa, na mitihani hainitishi. Kilichonitia wasiwasi ni visingizio. Muuguzi aliyeleta karatasi alisema kwa sauti ya kubembeleza kwamba huenda ni maji tu ya uzazi, hayajakauka masikioni, wazazi wasijitie presha. Mkwe wangu akalidaka lile neno maji, akawapigia ndugu zake wote simu kuwaambia ni maji. Dada yangu wa Likoni, nilipomweleza, alicheka. Watoto wa kwetu hakuna aliyepimwa hata mmoja, alisema, na wote wanasikia mpaka umbea wa nyumba ya tatu.

Karatasi yenyewe haikuwa na maneno mengi. Sikio la kulia, arudi. Sikio la kushoto, arudi. Chini yake nambari ya simu ya kliniki. Nimeona niandike juu ya huko kurudi kwa sababu watu wengi, huko Marekani nilikokuwa na huku kwetu, wanadhani kupimwa masikio ni kule kwa wodini. Kwa wodini ni kuchuja tu. Kupimwa hasa kunakuja baadaye, na wakati wake ni mfupi.

Wodini hutumika mashine za aina mbili. Ya kwanza huingiza kizibo laini ndani ya tundu la sikio, na ndani ya kizibo hicho mna spika ndogo na maikrofoni. Hutoa milio midogo midogo, halafu husikiliza. Sikio la ndani lililo zima halipokei sauti tu. Nalo hutoa sauti yake, hafifu mno, ambayo maikrofoni huinasa. Aliyelitangaza jambo hilo ni Mwingereza David Kemp, mwaka 1978. Mashine ya pili hubandika vibandiko vyenye nyaya kichwani na kusoma umeme mdogo unaopita kwenye mshipa wa kusikia kuelekea ubongoni kila mlio unapoingia. Zote mbili hutoa jibu la mkato: amepita, au arudi. Hazisemi mtoto anasikia kiasi gani, wala hazisemi kwamba ni kiziwi.

Ni kweli pia kwamba wengi wanaoambiwa warudi huonekana wazima. Mtoto wa siku moja ana majimaji na ule utando mweupe mpaka ndani ya masikio, analia, anatikisika, na wodi ina kelele zake. Kwa hiyo muuguzi hakusema uongo. Tatizo ni kwamba maneno hayo hayo huambiwa mama ambaye mtoto wake ni mzima na mama ambaye mtoto wake hasikii, na wote wawili hutoka mlangoni na karatasi ya namna moja na faraja ya namna moja. Asiporudi, nani atajua yeye ni yupi?

Marekani, karibu watoto 2 katika kila 1000 wanaozaliwa hupatikana na tatizo la kudumu la kusikia. Na zaidi ya watoto 9 katika kila 10 wa namna hiyo wana wazazi wanaosikia vizuri kabisa. Hapo ndipo hoja ya dada yangu inapoanguka. Kusema "kwetu hakuna kiziwi" hakumkingi mtoto na chochote.

Dada yangu hakukata tamaa. Alituagiza tumpigie mtoto sufuria. Nyie hamna sufuria huko Marekani? Chukua sufuria na mwiko, simama nyuma yake, gonga. Mkwe wangu aligonga. Mtoto akashtuka, mikono juu, macho nje. Nyumba nzima ikamshukuru Mungu, na dada yangu akadai kupigiwa simu ya picha ajionee mwenyewe.

Basi niseme nilivyokuja kuelewa juu ya sufuria. Kishindo cha sufuria ni sauti kubwa mno. Mtoto aliyepoteza nusu ya usikivu wake bado atashtuka. Mlango ukibamizwa atashtuka, kwa sababu ya sauti na kwa sababu ya mtikisiko wa kitanda. Ukipiga makofi karibu naye huhisi upepo usoni. Ukiwa mbele yake huona mikono. Na kama sikio moja ni zima na jingine limekufa, lile zima litamjibia lenzake miaka mingi. Lugha haijengwi kwa vishindo. Inajengwa kwa sauti ndogo za mtu anayezungumza na wewe akiwa amekuinamia, na hizo ndizo zinazopotea kwanza huku sufuria ikiendelea kusikika.

Wamarekani nao walipitia habari za sufuria, ila kwa utaalamu zaidi. Miaka ya 1960 mwanamke mmoja wa Denver, Marion Downs, alianza kuwapima watoto wachanga hospitalini kwa kuwapigia kelele karibu na masikio huku watu wa kujitolea wakiangalia nani amepepesa jicho na nani hakupepesa. Njia hiyo haikuaminika, kwa maana mtoto hupepesa jicho kwa sababu zake, lakini wazo lilikuwa sahihi na mama yule hakuliacha. Alifariki mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 100, ameshaona mashine zikifanya alichokitaka. Katikati hapo, mwaka 1993, jopo lililoitwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilipendekeza kila mtoto achujwe kabla ya kufikisha miezi mitatu. Kabla ya hapo mtoto kiziwi wa Marekani kwa kawaida aligunduliwa akiwa na miaka miwili au zaidi, yaani wakati jirani wameshaanza kuuliza mbona haongei.

Halafu ukatoka Colorado utafiti wa Christine Yoshinaga-Itano na wenzake, mwaka 1998. Waliwatazama watoto 150 wenye matatizo ya kusikia, wakawagawa waliogunduliwa kabla ya miezi sita na waliogunduliwa baada yake. Lugha ya wale wa mwanzo ilikuwa imewapita wenzao mbali. Tajiri na maskini, mwenye tatizo kubwa na mwenye dogo, tofauti ilikuwa ile ile. Mimi niliyefundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi sikuhitaji kushawishiwa. Mtoto akija shule hana maneno, utamfundisha kusoma nini?

Kutokana na mambo hayo Wamarekani wana hesabu wanayoitaja kwa tarakimu tatu: 1, 3, 6. Kuchujwa kabla ya mwezi 1, kupimwa kikamilifu kabla ya miezi 3, kuanza kusaidiwa kabla ya miezi 6. Ile 1 wameiweza, kwa sababu mtoto bado yuko wodini na hana pa kukimbilia. Zaidi ya watoto 98 katika 100 huchujwa. Ile 3 ndiyo inayowashinda. Kila mwaka maelfu ya watoto walioambiwa warudi hawaonekani tena kwenye vitabu vya kliniki. Nchi tajiri, mashine zimejaa, na watoto wanapotea kati ya mlango wa wodi na mlango wa kliniki.

Sababu si za ajabu. Baba ana zamu mbili, mama hana gari, barua imepelekwa anwani ya zamani, na kila mtu ameambiwa ni maji. Familia za Waswahili na za Wakongo huko zina sababu moja zaidi: barua imeandikwa Kiingereza cha kiofisi na simu inapigwa na mtu anayezungumza haraka. Yeyote aliye na ndugu Marekani amwambie hili. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kuleta mkalimani bila kumtoza mgonjwa senti, na wa Kiswahili wapo, hata kwa simu. Ukipigiwa sema tu "Swahili" na usubiri kwenye laini.

Binti yangu alipiga simu siku ya tatu, kabla mumewe hajamaliza kuwaambia watu ni maji. Akapewa siku ya kuchujwa mara ya pili, mtoto akiwa na wiki mbili. Walimpima masikio yote mawili, na nimeambiwa hufanya hivyo hata kama wodini lilikuwa limegoma moja tu. Hakupita tena. Mkwe wangu akaomba ajaribiwe mara nyingine pale pale. Yule dada wa kliniki akakataa, kwa upole. Alisema ukirudia rudia kuchuja mpaka mtoto apite, kuna siku atapita kwa bahati. Nilimuelewa mara moja. Mtihani wa kuchagua a, b, c, d ukimpa mwanafunzi mara kumi, iko mara moja atafaulu na hajui kitu.

Siku hiyo hiyo walimchukua mkojo. Hatukuwa tumeambiwa habari hiyo, na ningependa kila mzazi aijue. Kuna virusi vinavyoitwa saitomegalo, virusi vya kawaida ambavyo watu wazima wengi tumeshaambukizwa bila kujua, pengine kama mafua tu. Mama mjamzito akivipitisha kwa mtoto tumboni, mtoto anaweza kuzaliwa akiwa haonyeshi dalili yoyote na bado vikamharibu masikio, hata miezi au miaka baadaye. Ili daktari aseme kwa hakika kwamba mtoto alizaliwa navyo, mate au mkojo lazima uchukuliwe kabla hajatimiza siku 21. Baada ya hapo mate na mkojo haviwezi tena kuonyesha kama alizaliwa navyo au aliambukizwa nyumbani. Minnesota lilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kuanza kuwapima watoto wote wachanga virusi hivyo, mwaka 2023, kwa lile tone la damu la kisigino, lakini damu ile huwakosa baadhi, ndiyo maana mtoto aliyegoma masikio huongezewa mkojo. Wa kwetu hakuwa navyo.

Siku ya kipimo chenyewe tulipewa masharti ambayo sijawahi kuyasikia kwa daktari yeyote: mtoto aje ana njaa na ana usingizi, na asilale njiani. Anayepimwa lazima awe amelala fofofo, kwa sababu misuli ya mtoto aliye macho hutoa umeme mwingi kuliko ule wa mshipa wa kusikia. Mtoto wa chini ya miezi mitatu hulala mwenyewe akishiba. Akifika miezi sita na kuendelea hatakubali kulala mchana mbele ya wageni, na mara nyingi italazimu apewe dawa ya usingizi hospitalini, na hiyo ina foleni yake na hatari yake. Kwa hiyo ile 3 ya kwenye hesabu yao si tarakimu ya ofisini. Ni umri ambao usingizi bado unapatikana bure.

Ilikuwa Januari. Barabara ilikuwa nyeupe, mkwe wangu anaendesha pole pole, binti yangu na mimi tumekaa nyuma tumemweka mtoto katikati kwenye kiti chake. Kazi yetu ilikuwa kumzuia asilale, na gari likitembea mtoto gani halali? Tulimtekenya nyayo. Tulimvua soksi. Nilimpangusa uso kwa kitambaa chenye maji. Nilimwimbia nyimbo za darasa la kwanza kwa sauti iliyomkera baba yake kuliko ilivyomkera yeye. Alilia njia nzima, na mama yake akalia naye, kwa kuwa si jambo dogo kumnyima mwanao ziwa na usingizi kwa pamoja.

Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimevikwa vitambaa vinene, mlango mzito. Mtaalamu alimsugua mtoto kwenye paji la uso na nyuma ya masikio kwa dawa yenye chembechembe, ili umeme upite vizuri kwenye ngozi, akabandika vibandiko vyake na nyaya zikaning'inia. Mtoto akapiga kelele za mwisho. Kisha akapewa ziwa, na kabla hajamaliza la kwanza akawa ameshalala. Hapo mtaalamu akafanya kazi bila kupumzika, kwa maana hajui usingizi utaisha saa ngapi.

Nilikaa nyuma yake nikaangalia kioo cha kompyuta. Alichagua sauti, nene au nyembamba, akaitia sikioni kwa vizibo vidogo vya sponji, maelfu ya milio kwa mfululizo. Umeme wa mlio mmoja ni mdogo mno, hauonekani. Kompyuta hujumlisha yote ndipo mstari unapopanda na kushuka. Kila mpando ni kituo ambacho ishara imepita kutoka sikioni kuelekea ubongoni. Yeye alikuwa akiutafuta mpando wa tano, kwa sababu ndio wa mwisho kupotea. Ukiuona, anapunguza sauti. Ukiuona tena, anapunguza. Sauti inapokuwa ndogo mpaka mpando ukatoweka, hapo ndipo mwisho wa mtoto kusikia sauti ile. Halafu anaanza upya na sauti nyingine. Hakuna anayemuuliza mtoto kitu, na hakuna anayegonga sufuria.

Kulikuwa na vipimo viwili zaidi vya kumaliza mjadala wa maji. Cha kwanza kilisukuma hewa kidogo ndani ya sikio kuona kama kiwambo cha sikio kinacheza. Penye maji hakichezi. Cha pili kilikuwa kidude kilichowekwa kwenye mfupa nyuma ya sikio, kikitetemesha. Mtetemo wa mfupa hulifikia sikio la ndani moja kwa moja, bila kupita kwenye tundu na kiwambo. Mtoto mwenye maji husikia vizuri kwa mfupa na vibaya kwa hewa. Mtoto ambaye sikio lake la ndani lina kasoro husikia vibaya kwa njia zote mbili.

Usingizi uliisha kabla ya sikio la kushoto kumalizika. Ikabidi turudi wiki iliyofuata, na soksi zikavuliwa tena.

Hayakuwa maji. Masikio yote mawili, sikio la ndani, yalikuwa yanaanza kusikia kwenye desibeli 50 hivi. Maongezi ya watu wawili mezani ni kama desibeli 60. Maana yake mtoto angesikia kwamba watu wanaongea, lakini angesikia vipande. Irabu zina nguvu, zingemfikia. S, f na sh ni nyembamba na dhaifu, zisingemfikia. Mwambie "fisi," yeye anabaki na i mbili. Mnong'ono wa mama yake wakati wa kunyonya, hakuna. Na kishindo cha sufuria, ambacho kinapita desibeli 90 kirahisi, kingemfikia vizuri sana, na sisi tungekaa miaka miwili tukisema anasikia huyu, ila ni mkaidi.

Kila mwalimu wa zamani amemjua mtoto huyo. Anakaa nyuma. Ukimuuliza tatu na nne anakujibu jambo jingine. Akikutazama mdomo anajua, ukigeukia ubao hajui. Ripoti zake zinaandikwa mzembe, hazingatii, na mzazi anaitwa. Nimefundisha shule ambazo hazikuwa na kifaa chochote cha kupimia masikio, na ninaamini baadhi ya waliorudia darasa walirudia kwa sababu ya desibeli.

Tuliuliza sababu. Zaidi ya nusu ya matatizo ya kusikia ya kuzaliwa nayo yana asili ya kurithi, mara nyingi kutoka kwa baba na mama ambao kila mmoja amebeba nusu bila kujua. Damu ilichukuliwa, majibu yakarudi hayana jibu. Jeni inayoongoza Ulaya na Asia katika jambo hili ni nadra kwa Waafrika wengi, na jeni zetu hazijachunguzwa vya kutosha. Mkwe wangu alifarijika kwamba si kosa la mtu. Dada yangu alitaja jicho baya. Nikamwambia jicho baya halipimiki, tuachane nalo.

Vifaa vya kusikia alivaa kabla ya miezi minne. Ukubwa wake ni wa punje ya korosho, vinakaa nyuma ya sikio, na mrija unaingia kwenye kizibo kilichofinyangwa kwa umbo la sikio lake. Sikio la mtoto linakua upesi, kwa hiyo kizibo huanza kupwaya baada ya wiki chache na kifaa hupiga mluzi. Lazima afinyangiwe kingine, na kingine. Kifuniko cha betri kina kufuli, kwa maana betri ile akiimeza inaweza kumchoma koo. Miezi ya kwanza alivumilia. Alipojua mikono yake ni yake, alivichomoa na kuvitafuna. Binti yangu akamshonea kofia nyepesi ya kamba ya kidevuni.

Akiwa na miezi saba au minane walianza kumpima kwa njia nyingine, akiwa macho amepakatwa. Sauti ikitoka upande mmoja na yeye akigeuka, sanduku jeusi linawaka na nyani wa kuchezea anapiga ngoma. Vipimo havikuisha, na havitaisha karibuni, kwa sababu usikivu wa namna hii unaweza kushuka zaidi.

Kila wiki alikuja nyumbani mwalimu wa watoto wachanga, bila malipo, kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa Marekani mwaka 1986. Huyo nilimpenda. Nilimuuliza kama tuache Kiswahili ili mtoto asichanganyikiwe. Akasema la: mtu azungumze na mtoto kwa lugha anayoimudu, karibu, uso kwa uso, TV ikiwa imezimwa. Alitufundisha pia ishara chache. Najua wapo wanaobishana vikali, vifaa au lugha ya ishara. Mimi sina subira na ubishi huo. Mtoto apewe lugha, na apewe mapema; kama masikio yataichelewesha, mikono isisubiri. Lugha ya Ishara ya Kenya imo ndani ya Katiba yetu ya 2010, ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Haina haja ya kuonewa aibu sebuleni.

Nimerudi Mombasa, na swali ninaloulizwa ni moja: sisi ambao wodini hatupimwi? Kenya bado hatujafika mahali pa kumchuja kila mtoto kabla hajatoka hospitali. Shirika la Afya Duniani linasema watoto milioni 34 duniani wana tatizo la kusikia linalohitaji msaada, na kwamba 60 katika kila 100 ya matatizo ya watoto yangeweza kuzuilika. Sindano ya surua na rubela anayopigwa mtoto akiwa na miezi 9 ni sehemu ya kinga hiyo, kwa kuwa rubela ikimpata mama mjamzito humharibu mtoto masikio. Tanzania, hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya kusikia mwaka 2017, jambo ambalo zamani lilimaanisha kusafiri mpaka India. Lakini wa kupandikizwa ni yule aliyegunduliwa.

Wako watoto ambao hawafai kusubiriwa. Aliyelazwa kwenye mashine ya joto zaidi ya siku tano. Aliyechelewa kulia alipozaliwa. Aliyeugua manjano kali mpaka akabadilishwa damu. Aliyechomwa sindano za jentamisini kwa siku nyingi; ni dawa inayookoa maisha ya wachanga kila siku na sisemi ikataliwe, nasema masikio yafuatiliwe baadaye. Aliyeugua homa ya uti wa mgongo, huyo apelekwe mara tu anapopona. Mwenye ndugu aliyezaliwa hasikii. Hata kama walipita kipimo cha kwanza, hawa wapimwe tena kabla ya miezi 9, na waliokaa kwenye mashine ya joto wapimwe kwa ile mashine ya nyaya, kwa sababu iko hali ambayo sikio hujibu vizuri na mshipa haupeleki.

Kwa mtoto mwingine yeyote, angalieni. Miezi mitatu, hunyamazishwa na sauti ya mama bila kumwona? Miezi sita, hugeuza kichwa kutafuta sauti ndogo, si sufuria? Miezi tisa, anasema baba-baba, dada-dada? Mlio wa a-gu a-gu wa miezi ya mwanzo usiwadanganye, hata mtoto kiziwi huutoa. Mama akisema mtoto huyu hasikii, asiambiwe angoje akue.

Hospitali kubwa za Nairobi na Mombasa zina mashine. Vituo vya serikali vya kuwakagua watoto wenye mahitaji maalum, vinavyoitwa EARC, vipo tangu 1984, na ofisi ya elimu ya kaunti itakuelekeza kilicho karibu nawe. Kliniki mnaenda kwa chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wiki ya 14 ndiyo miezi mitatu yenyewe. Mwenye karatasi iliyoandikwa arudi, au mwenye mtoto katika hao niliowataja, asiache wiki hiyo ipite. Piga simu uulize siku na saa, na umwambie atakayepokea kwamba mtoto atakuja na njaa na usingizi.